Selulosi na Nyuzi za Mbao: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi, wachapishaji, mafundi wa vifungashio, na watu waliotukuta tumeshika ndoo ya uji mweupe wakataka kujua ni kitu gani. Hayakupangwa kwa uzito. Yamepangwa jinsi yanavyozaana. Ukiona maji yanarudi karibu kila jibu, usishangae. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Selulosi ni nini hasa?

Ni mnyororo wa sukari. Chukua glukosi, ileile inayozunguka kwenye damu yako, uiunganishe moja baada ya nyingine kwa maelfu bila tawi hata moja. Kwenye mbao mnyororo mmoja hufikia glukosi 10,000 hivi, na kwenye pamba huzidi hapo. Mfaransa Anselme Payen aliitenga mwaka 1838, akakuta mimea tofauti kabisa inampa kitu kilekile, chenye mchanganuo sawa na wa wanga.

Hapo ndipo utamu wa habari ulipo. Wanga na selulosi zote ni glukosi tupu. Tofauti ni namna ya kushikana. Kwenye wanga kila glukosi hujiunga na jirani yake kwa pembe inayoufanya mnyororo ujipinde kama springi. Kwenye selulosi kila glukosi imegeuzwa kichwa chini miguu juu ikilinganishwa na ya kabla yake, basi mnyororo unanyooka kama utepe. Tepe zilizonyooka hulazana vizuri, zikashikana kwa vifungo vya haidrojeni, na kutengeneza fuwele ngumu ambazo maji hayapenyi ndani yake. Maji huishia juu ya uso wa fuwele na kwenye sehemu zilizolegea. Shika hilo la maji kubaki nje, tutalirudia.

Kwamba minyororo mirefu kiasi hicho inaweza kuwepo halikukubalika kirahisi. Hermann Staudinger alilitetea wazo hilo kuanzia mwaka 1920, wenzake wengi wakampinga, naye akapewa Tuzo ya Nobeli ya kemia mwaka 1953.

Kama ni sukari, mbona hatuwezi kuila tukashiba?

Kwa sababu vimeng'enya vyetu vinaujua ule mshikano wa wanga tu. Ng'ombe na mchwa nao hawafanyi kazi hiyo peke yao: wamefuga vijidudu tumboni vinavyoikata selulosi. Kwetu inapita kama ilivyoingia, na ndiyo maana madaktari huihesabu katika nyuzinyuzi za chakula. Kwenye vidonge vya dawa imo pia, ile iitwayo selulosi ya fuwele ndogo, kazi yake ikiwa kukishikilia kidonge kisimeguke.

Uzi mmoja wa mbao unafananaje?

Chana karatasi taratibu, uinue ukingo uliochanika kwenye mwanga. Vile vinywele unavyoviona ndivyo nyuzi zenyewe. Uzi wa msonobari una urefu wa milimita 3 hivi na upana wa mikromita 30 au zaidi kidogo. Wa mkaratusi haufiki hata milimita 1 na ni mwembamba zaidi. Kwa hiyo karatasi inayohitaji kuvutwa na kuchanwa bila kukatika, mfano mfuko wa saruji, hupendelea misonobari, na karatasi laini ya kuandikia au tishu hupenda mikaratusi.

Chini ya hadubini uzi ni mrija. Ulipokuwa kwenye mti ulikuwa seli yenye tundu katikati, na ukuta wake una matabaka. Tabaka nene la kati ndilo linalobeba mzigo: ndani yake vinyuzi vya selulosi vimezungushwa kama kamba kwenye pia, na pembe ya mzunguko huo ndiyo inayoamua kama uzi utakuwa mkavu na mgumu au utanyumbulika. Rojo, yaani ule uji wa nyuzi unaotengenezewa karatasi, ikishachemshwa na kuchuliwa mrija unabonyea, unakuwa utepe bapa. Ukiwa mgeni kwenye hadubini utadhani unaangalia tambi zilizokanyagwa.

Mbao inageukaje kuwa rojo?

Mbao kwa makadirio ni selulosi 40 hadi 50%, na iliyobaki inagawanywa kati ya hemiselulosi (jamaa ya selulosi yenye minyororo mifupi) na lignini, pamoja na utomvu kidogo. Lignini ndiyo saruji inayozigandisha nyuzi. Kutengeneza rojo maana yake ni kuzitoa nyuzi kwenye saruji hiyo, na njia ni mbili.

Ya kwanza ni nguvu: unausaga mti. Mjerumani Friedrich Gottlob Keller alianza kuegemeza kipande cha mbao kwenye jiwe la kunolea miaka ya 1840, na wazo hilo bado linaishi. Hupotezi mbao karibu kabisa, lakini lignini yote inabaki na nyuzi nyingi hukatika.

Ya pili ni kupika. Carl F. Dahl aligundua mwaka 1879 kwamba soda kaustiki ikichanganywa na salfaidi ya sodiamu, ikapashwa hadi karibu nyuzijoto 170, inaila lignini na kuziacha nyuzi zikiwa imara. Rojo hiyo iliitwa kraft, neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu, na mpaka sasa ndiyo njia inayotawala duniani. Unaingiza tani mbili za mbao kavu, unatoka na takriban tani moja ya rojo. Nusu ya pili haitupwi: inakuwa kimiminika cheusi kinachochomwa kwenye tanuri maalumu, kikatoa mvuke na umeme wa kiwanda na kurudisha kemikali za kupikia. Bila tanuri hilo kraft isingelipa. Ile harufu ya kabichi iliyooza karibu na viwanda hivi inatokana na salfa, na pua ya binadamu inainusa hata ikiwa chache mno.

Kwa nini karatasi haiachani ilhali haina gundi?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, nikipewa nafasi naweza kulijibu mpaka jioni.

Tukitaka karatasi ya majaribio tunakoroga nyuzi kidogo sana kwenye maji mengi. Mashine kubwa ya kiwandani nayo hupokea mchanganyiko ambao zaidi ya 99% yake ni maji. Unafungua koki ya chini, maji yanakimbia, na juu ya wavu unabaki utando mweupe, mzito kama malai. Ukiugusa sasa kwa kidole unatoboka. Unaubandika karatasi ya kufyonza, unaukandamiza, unauacha ukauke. Kesho yake unauvuta kwa mikono miwili na haukatiki, na hakuna ulichoongeza. Ulichofanya ni kuondoa maji tu.

Maji yanapopungua, yale yaliyobaki katikati ya nyuzi mbili huzivutia pamoja kwa mvutano wa uso wake, sawa na vioo viwili vyenye maji vinavyogoma kuachana. Nyuzi zikikaribiana vya kutosha, selulosi ya huku inashika selulosi ya kule kwa vifungo vya haidrojeni, vifungo vilevile vilivyokuwa vimeshika maji dakika moja iliyopita. Maji ndiye mshenga: anawakutanisha kisha anaondoka.

Anayebisha ajaribu hivi. Kabla ya kukausha, ondoa maji kwa kuyabadilisha na kimiminika chenye mvutano mdogo wa uso na kisichoshika haidrojeni, heksani kwa mfano, ukipitia alkoholi kwanza. Nyuzi ni zilezile, uzito uleule, lakini kinachotoka ni kama pamba: kinanyofoka kwa kupulizwa. Mwanafunzi wangu mmoja aliponiletea karatasi ya namna hiyo alidhani ameharibu kazi. Kumbe alikuwa ameielewa karatasi kuliko wote darasani.

Kuchua nyuzi kwenye mashine kabla ya kutengeneza karatasi kunafanya kazi hiyohiyo kwa upande mwingine: uso wa uzi unachakaa na kutoa vimanyoya, uzi unalainika, na eneo la kugusana linaongezeka. Ukizidisha, maji yanagoma kutoka na mashine inapunguza kasi. Wazalishaji hugombana na hili kila siku.

Basi kwa nini karatasi ya chooni inasambaratika majini na ya kufutia mikono haisambaratiki?

Kwa kuwa kilichofungwa kwa kuondoa maji kinafunguliwa kwa kuyarudisha. Karatasi ya kawaida ikilowa kabisa hubaki na sehemu ndogo tu ya nguvu yake. Ya kufutia mikono imetiwa resini inayojifunga kwa vifungo vya kweli vya kikemia wakati wa kukauka, vile ambavyo maji hayavikati. Ndiyo hiyo inayoziba mabomba ya watu. Noti huongezewa jambo la pili: malighafi. Noti ya dola ya Marekani ni pamba 75% na kitani 25%, haina mbao kabisa.

Gazeti linageuka njano kwa nini?

Lignini. Karatasi ya gazeti hutokana na rojo ya kusagwa, na lignini ikipigwa na mwanga na hewa hubadilika rangi. Vitabu vya zamani vinavyomeguka mkononi ni kesi nyingine: vilitengenezwa na alamu yenye asidi, na asidi imekuwa ikikata minyororo ya selulosi polepole kwa miongo mingi.

Karatasi inaweza kurudiwa kiwandani mara ngapi?

Jibu linalotajwa sana ni mara tano hadi saba, ila ulipokee kama kadirio. Watu hudhani nyuzi zinakatikakatika mpaka zinaisha. Hilo lipo, lakini kwa rojo ya kraft tatizo kubwa ni jingine: kila uzi unapokaushwa, vitundu vidogo ndani ya ukuta wake hujifunga, na vingine havifunguki tena ukilowesha. Uzi unakuwa mkavu, haunyumbuliki, haushikani na mwenzake kama zamani. Ni kama sponji iliyoachwa ikauka mara nyingi. Kwa hiyo viwanda vya karatasi kuukuu hulazimika kuongeza nyuzi mpya kidogo kidogo.

Nanoselulosi ni nini na kwa nini imevuma hivyo?

Ukichukua uzi wa mbao ukaendelea kuupasua, utafika kwenye vinyuzi vya nanomita 3 hadi 4 kwa upana. Hivyo ndivyo mmea ulivyovisuka, na kila kimoja ni kifungu cha minyororo michache tu. Turbak na wenzake katika kampuni ya ITT Rayonier ya Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, walipitisha rojo kwenye mashine ya kulainishia maziwa kwa mgandamizo mkubwa, wakapata jeli. Walikuwa na kitu kizuri na bili ya umeme isiyolipika: kuupasua uzi bila kuutayarisha kunaweza kula zaidi ya kilowati-saa 20,000 kwa tani.

Mlango ulifunguka mtu alipowaza kuzishawishi nyuzi badala ya kuzilazimisha. Vimeng'enya vinavyolegeza ukuta vilipunguza umeme huo mara nyingi. Na huko Tokyo, Akira Isogai na Tsuguyuki Saito walionyesha mwaka 2006 kwamba kemikali iitwayo TEMPO inaweza kupanda chaji hasi juu ya uso wa kila kinyuzi. Vinyuzi vikiwa na chaji moja vinasukumana, basi kukoroga kidogo tu kunatosha kuviachanisha. Pamoja na Yoshiharu Nishiyama walipewa Tuzo ya Marcus Wallenberg mwaka 2015.

Sura yake ya mkononi: chupa yenye 1% ya selulosi na 99% ya maji, uwazi kama jeli ya nywele, ukiigeuza juu chini haimwagiki. Inapendeza sana, mpaka ukumbuke kwamba anayeinunua analipia usafiri wa maji. Ukiikausha ili iwe nyepesi kusafirisha, vinyuzi vinashikana na havirudi kuachana, kwa sababu ileile tuliyoitaja kwenye karatasi kuukuu. Mtu atakayeweza kuikausha na kuirudisha majini kwa bei nafuu bila kuongeza takataka nyingine, huyo atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko makala mia za kusifu ugumu wake. Kwa sasa imeingia kwenye wino wa kalamu, vipodozi, karatasi ngumu zaidi na mipira iliyoimarishwa. Si haba, ila si mapinduzi yaliyotangazwa.

Nimesoma kwamba ina nguvu kuliko chuma. Ni kweli?

Uliza kwanza: nguvu ya nini, na kwa kilo au kwa ukubwa? Fuwele moja ya selulosi ina ugumu wa gigapaskali 140 hivi, chuma ni karibu 200. Kwa ukubwa sawa chuma kinashinda. Lakini selulosi ina uzito wa gramu 1.5 kwa sentimita ya ujazo na chuma 7.8, kwa hiyo kwa kilo moja selulosi inashinda kwa mbali.

Sasa tatizo. Hiyo ni fuwele moja, ikivutwa kwa urefu wake. Ukitengeneza utando mzima wa nanoselulosi, vinyuzi vikilala kila upande, utapata gigapaskali kumi na kitu. Bado ni kizuri sana ukilinganisha na plastiki nyingi. Ila gari halitengenezwi kwa fuwele moja, na vichwa vya habari hulisahau hilo kila mwaka.

Ni lazima iwe mbao?

Hata kidogo. Karatasi ilikuwepo China karne nyingi kabla ya mtu kuifikiria mbao, ikitengenezwa kwa magome, katani na matambara. Mkonge, kitani, mianzi, makapi ya miwa na mabua vyote vina selulosi. Abaka, ndugu wa mgomba, ina nyuzi ndefu na imara hata zikilowa, ndiyo maana hutumika kwenye mifuko midogo ya majani ya chai. Majani ya mpunga yana kasoro ya silika, ambayo huganda kwenye mitambo na kuharibu ule mzunguko wa kurudisha kemikali. Na mabua huvunwa mara moja kwa mwaka, ni mepesi, yanajaza ghala na kuoza. Mti husubiri umesimama shambani mpaka utakapouhitaji. Mara nyingi mbao inashinda kwa sababu ya ghala, kemia haihusiki.

Kuna na bakteria. Adrian John Brown alieleza mwaka 1886 utando unaotokea juu ya kimiminika cha kutengenezea siki: ni selulosi safi, haina lignini wala hemiselulosi, na imejaa maji kama kamasi. Hutumika kufunikia vidonda vya moto, kwani inashika unyevu bila kugandamana na nyama.

Viskosi na rayoni ni za asili au za kiwandani?

Zote mbili: ni nyuzi za nguo zinazotengenezwa kiwandani kwa selulosi. Selulosi haiyeyuki kwa joto, inaungua kwanza. Ukitaka uzi mrefu wa kufuma lazima uiyeyushe kwenye kimiminika kisha uigandishe upya. Cross, Bevan na Beadle walisajili njia ya viskosi mwaka 1892, kwa kutumia disalfaidi ya kaboni, sumu iliyoharibu mishipa ya fahamu ya wafanyakazi wengi. Njia ya lyosel hutumia kiyeyusho kingine kinachokusanywa na kurudishwa kwa zaidi ya 99%. Nguo mbili zenye lebo ya "asili ya mimea" zinaweza kuwa na historia tofauti kabisa kwa mtu aliyezitengeneza, na lebo haitakwambia.

Selulosi itachukua nafasi ya plastiki?

Mahali pengine ndiyo, pengine hapana, na mpaka wenyewe unachorwa na unyevu. Utando mkavu wa nanoselulosi huzuia oksijeni vizuri kuliko plastiki nyingi za kufungia vyakula. Uweke penye unyevu mwingi, maji yanaingia, vinyuzi vinaachiana, na oksijeni inapita. Kwa hiyo watu huupaka kitu juu: mara nyingi plastiki. Kikombe cha karatasi unachokijua kina tabaka jembamba la polietilini ndani, na ndilo linalofanya ugumu wa kukirudia kiwandani. Vyombo vingine vya karatasi vilikuwa vikitiwa kemikali za florini kuzuia mafuta, zisizooza kabisa.

Usichanganye pia mambo mawili: kutoka kwenye mmea na kuoza. Kichungi cha sigara ni asetati ya selulosi, kimetokana na mbao, lakini hukaa ardhini miaka. Selulosi ikibadilishwa kikemia vya kutosha, kuvu na bakteria hawaitambui tena. Na chombo kilichoandikwa kwamba kinaoza huenda kilipimwa kwenye mtambo wa mboji wenye joto la karibu nyuzijoto 58, hali ambayo mtaro wa barabarani hauna.

Mbao inayopitisha mwanga kama kioo ipo kweli?

Ipo. Unaondoa lignini au unaipausha rangi, kisha unajaza matundu kwa polima yenye kupinda mwanga sawa na selulosi. Siegfried Fink alifanya hivyo mwaka 1992 kwa ajili ya kuchunguza mbao, na kundi la Lars Berglund huko Stockholm likaifanya malighafi ya ujenzi mwaka 2016. Kumbuka tu kwamba sehemu kubwa ya kipande hicho ni hiyo polima.

Nikisoma matokeo ya utafiti, niangalie nini kwanza?

Unyevu wa chumba. Sifanyi mzaha. Kipimo cha kawaida cha karatasi hufanywa kwenye nyuzijoto 23 na unyevunyevu wa 50%, baada ya sampuli kukaa humo mpaka itulie. Mtu akikuonyesha namba ya ajabu na hakusema alipima katika unyevu gani, weka kando. Baada ya hapo tafuta namba ya kappa, inayokwambia lignini iliyobaki. Kasi ya maji kutoka kwenye rojo. Na urefu wa minyororo baada ya matibabu, maana kemikali nyingi zinazong'arisha rojo huikata pia. Mwisho uliza kama matokeo ni ya gramu 5 au kilo 500.

Sina maabara. Naweza kujaribu nini nyumbani?

Chana gazeti kwa upande mmoja, kisha kwa upande wa pili. Moja litachanika limenyooka, lingine litakwenda zigizaga: mashine ililaza nyuzi nyingi kwa mwelekeo mmoja. Kisha kata kipande cha mraba cha karatasi ya kuandikia, ukilaze taratibu juu ya maji. Kitajikunja kuwa bomba. Nyuzi huvimba kwa upana, urefu wake haubadiliki karibu kabisa, kwa hiyo upande uliolowa unatanuka kwa mwelekeo mmoja tu, na mhimili wa bomba unakuonyesha nyuzi zimelala wapi.

Ukitaka zaidi, loweka karatasi kuukuu usiku kucha, isage kwa blenda yenye maji mengi, mimina kwenye chekeche la wavu mdogo, kandamiza kwa taulo, anika. Tengeneza mbili: moja ya rojo iliyosagwa nusu dakika, nyingine dakika tano. Zikikauka zivute. Halafu tumbukiza kipande cha ile iliyo imara kwenye glasi ya maji, koroga kwa kijiko, na uhesabu sekunde.